Gari Linalofikiri Kwanza

Wiki iliyopita mliniacha nimelala chali chini ya gari la mama mkwe wangu mtarajiwa, mafuta machafu yakinidondokea sikioni, nikicheka peke yangu. Injini ilikuwa imewaka.

Nilidhani mkosi umenichoka. Kumbe ulikuwa umekwenda kunywa maji tu.

Kwa msomaji anayeingia leo: mimi ni fundi wa magari niliyejifundisha mwenyewe, kwa kufungua vitu na kuvifunga tena hadi pasibaki skrubu mkononi. Nimemposa binti wa mama mmoja mshonaji. Mama huyo hushona mapazia na sare, kisha huwapelekea wateja mwenyewe kwa gari lake la mizigo. Injini ya gari hilo ilipokufa nilijitolea kuweka nyingine, nikiamini hiyo ndiyo njia ya mkato ya kumfikia mkwe. Injini ya kwanza haikuingia. Ya pili iliingia, boneti ikakataa kufunga. Boneti ilipokubali, redieta ikamwogesha mama mwenyewe akiwa amevaa nguo za ibada.

Jibu la posa, alisema, litatoka siku gari litakapofanya kazi kama gari. Mpaka sasa ananiita "fundi". Mimi nasubiri neno moja tu, "mkwe".

Basi, injini ikawaka, nikakabidhi gari. Jua halijazama likarudi uani kwangu kwa mwendo wa msafara wa mazishi. Mama akazima, akashuka, akajipangusa vumbi ambalo halikuwepo.

"Fundi," akasema, "gari lako linafikiri kwanza."

Nikajua mambo si mazuri. Asubuhi lilipokuwa likiwaka vizuri lilikuwa gari lake.

Nikamwomba anieleze polepole. Akasema polepole ndiyo shida yenyewe. Ukilikanyagia mafuta linanyamaza kidogo, kama mtu aliyeulizwa amelala wapi, kisha linajibu nusu. Kwenye tambarare linajikongoja. Kwenye mwinuko linataka kurudi kwao. Baiskeli imempita, na mwenye baiskeli alikuwa amebeba godoro.

"Haraka haina baraka," akaniambia, "lakini kwako wewe, Polepole, baraka zimezidi."

Polepole ndilo jina walilonipa mtaani. Sikukasirika. Gari likifanana na fundi wake, watu lazima waseme.

Sasa nieleze jambo moja, maana ndilo lililoniponza. Injini ya zamani ilikuwa na waya wa chuma kutoka kwenye pedali ya mafuta hadi kwenye mlango mdogo wa hewa. Ukikanyaga, waya unavuta, mlango unafunguka, hakuna mjadala. Injini niliyoweka haina waya huo. Pedali yake inapeleka habari kwa kompyuta ya injini, na kompyuta ndiyo inayoamua mlango ufunguke kiasi gani. Yaani mguu unaomba, kompyuta inatoa ruhusa.

Kwa hiyo mama aliposema gari linafikiri kwanza, hakukosea hata herufi. Swali lilikuwa moja: linafikiri nini?

Nikaanza mwanzo, kama ninavyoanza siku zote. Nikafungua mlango wa hewa, nikausafisha masizi. Nikapima umeme wa betri. Nikafuata waya unaounganisha injini na bodi, nikaukwangua kutu, nikaukaza. Nikapima sensa za pedali, zile zinazohisi mguu umekanyaga kiasi gani. Ziko mbili ndani ya pedali moja, zinachungana kama wake wenza. Zikitoa habari tofauti, kompyuta haimwamini yeyote. Hizi zilisema jambo lilelile, bila ugomvi. Nikachomeka mashine ya kusomea injini. Mashine haikuona kosa lolote.

Nikaingia, nikaendesha mwenyewe.

Gari likaruka. Mgongo wangu ulibaki uani, mimi nikawa nimeshafika kwa muuza mkaa.

Nikarudi nikitabasamu, nikamwambia mama mgonjwa amepona. Akaingia, akaondoka. Likajikongoja hadi kona vilevile lilivyokuja.

Tukarudia. Nikaendesha mimi, yeye akiwa pembeni, mkoba mapajani. Likaruka. Tukabadilishana viti. Likanyamaza, likafikiri, likajikongoja.

Mama akazima injini. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyesalitiwa na damu yake, "Nimelilisha mimi miaka yote hii. Leo linakupenda wewe."

Habari kama hiyo hailali njaa. Haikuchukua muda ikamfikia Nyundo.

Nyundo ni fundi mwenzangu, gereji yake iko ng'ambo ya kilima, chini kabisa, pale barabara inapomalizia kushuka. Anaitwa hivyo kwa sababu kila ugonjwa wa gari huuanzia na chombo kimoja. Si mtu mbaya. Ana nyundo tu.

Alikuja na soda mkononi, akalizunguka gari, akaligonga ubavuni kwa kidole kama anayechagua tikiti. Akamwambia mama kwamba hiyo ni injini ngeni na mwili umeikataa. Akasema gari lenye kompyuta ni kama mtoto aliyesomeshwa kupita kiasi. Hukataa kutumwa dukani mpaka ajue kwa nini. Yeye anayo injini ya kizamani, ya waya, isiyouliza maswali. Atatoa yangu, aweke yake.

"Polepole ni fundi mzuri," akaongeza, "tatizo lake anapenda kuelewa."

Hata mimi nilicheka. Mama hakucheka. Jumamosi alikuwa na robota la mapazia ya hospitali, na hospitali iko ng'ambo ya kilima, njia ileile ya kwa Nyundo. Akatoa hukumu akiwa amesimama mlangoni pa duka lake, futi ya kupimia nguo shingoni.

"Jumamosi napanda kilima. Likipanda, tutazungumza yale mengine. Lisipopanda, Nyundo aje alivute, na yale mengine nayo yasubiri injini nyingine."

Yale mengine kila mtu aliyajua. Mchumba wangu, aliyekuwa ndani akishona kifungo, alijichoma sindano.

Najua fundi anayesoma hapa amekwisha kunishangaa. Kwa nini hukusoma mashine wakati mama anaendesha? Nilifikiria. Lakini tundu la kuchomekea mashine liko chini ya usukani, upande wa mlango, jirani na mkono wa breki ya mkono. Kulifikia, dereva akiwa amekaa, lazima uinamie magoti yake. Na hayo yalikuwa magoti ya mama mkwe. Kuna vitu mtu hafanyi hata kilima kikiwa kirefu namna gani. Tangu nimpose binti yake, nikipanda gari na mama, macho yangu hukaa kwenye kioo cha mbele kama mtu anayesimamiwa mtihani.

Ijumaa mchana nilikwenda dukani kwao nikiwa sina kitu kipya cha kupima. Mama alikuwa amekwenda kwa mteja na gari lake, amejipa muda wa kutosha. Mchumba wangu alikuwa kwenye cherehani ya miguu, anapinda ukingo wa pazia la mwisho.

Nikakaa kwenye kigoda kando yake. Nikamweleza yote niliyopima, moja baada ya jingine, naye akaitikia bila kusikiliza, kama wanavyoitikia watu wanaotupenda. Nikachoka kuongea. Nikabaki nikiangalia miguu yake ikiukanyaga ubao wa cherehani, wa kulia ukisukuma, wa kushoto ukirudisha.

"Mbona unatumia yote miwili?" nikamuuliza.

"Ulitaka nitumie mingapi?"

"Nauliza tu."

Akaeleza kwamba ndivyo mama alivyomfundisha. Mguu mmoja unasukuma, mwingine unajibu. Ukiulaza mmoja sakafuni, mshono unapinda na mgongo unakufa. Alipokuwa mdogo, mguu wake ukikaa bure mama aliugonga kwa rula na kumwambia mguu usio na kazi ni mgeni asiyeaga.

"Na mama mwenyewe hushona hivi?"

"Mama hufanya kila kitu hivi."

Uzi uliendelea kukimbia. Mimi nilikuwa nimesimama tayari, sikumbuki niliinuka saa ngapi.

Gari la mama ni la otomatiki. Lina pedali mbili, mafuta na breki, na mguu wa kushoto hauna kazi. Nikakumbuka pedi za breki nilizozibadilisha mara baada ya kuliingiza gereji, zilivyokuwa zimelika kama kipande cha sabuni bafuni. Nikakumbuka balbu za taa za breki. Nilizikuta zimeungua, nikaweka mpya, nazo zikaungua. Nililaumu balbu. Nililaumu hata barabara. Sikulaumu mguu, kwa sababu mguu ule sikuwa na ruhusa ya kuutazama.

Sikutaka kumhukumu mtu kwa kukisia, tena mtu huyo. Mama aliporudi nikamwambia naomba nibadilishe balbu za nyuma. Akasema nibadilishe ninachotaka, maana yeye kesho anapanda kilima. Nikaweka balbu mpya. Kisha nikamwomba aende hadi kona na kurudi, nami nikasimama nyuma ya gari, mahali ambapo mkwe anaruhusiwa kusimama.

Taa zikawaka nyekundu kabla gari halijaondoka. Likaondoka, zikawaka. Likafika kona, zikawaka. Nyuma yake kulikuwa na mtu wa pikipiki akijiuliza mama huyu anasimama au anakwenda, na kwa haki yake, gari nalo lilikuwa likijiuliza hivyohivyo.

Hilo ndilo lililokuwa likifikiriwa. Mama alikuwa anakanyaga mafuta kwa mguu wa kulia na kuulaza wa kushoto juu ya breki, kidogo tu, kama anavyoulaza kwenye ubao wa cherehani. Injini ya zamani haikujali. Waya ukivutwa inakwenda. Kompyuta ya injini hii ikiona mafuta na breki vimekanyagwa pamoja huamini breki, kwa sababu huenda pedali ya mafuta imenasa na mtu yuko hatarini. Hivyo inafunga mlango wa hewa, inamsaidia. Na waya wa kuipelekea kompyuta habari za breki niliuunga mimi mwenyewe, na siku ile nilijipongeza kwa chai.

Nikamnong'oneza mchumba wangu. Alicheka hadi akalazimika kukalia robota la mapazia. Kisha wote wawili tukafika kwenye swali lilelile: nani atamwambia mama?

"Wewe ndiye mwanawe," nikasema.

"Ndiyo maana. Mimi bado nakula kwake."

"Mimi nimekatazwa hata kuitazama miguu hiyo."

Akafikiri. Halafu akaniuliza kama waya ule wa kuiambia kompyuta habari za breki ni mnene sana.

"Mwembamba."

"Basi ukate, tuoane."

Sitawadanganya, koleo ilikuwa mfukoni. Ningekata na hakuna ambaye angejua. Gari lingeruka, Nyundo angerudisha injini yake stoo, na mimi ningeitwa mkwe kabla ya chakula cha mchana. Lakini waya ule umewekwa kwa ajili ya siku moja mbaya, na siku hiyo ikija ingemkuta mama yake peke yake kwenye usukani. Nikamwambia hivyo. Akasema haya, lakini maneno ya kumwambia mama niyatafute mwenyewe.

Jumamosi asubuhi robota lilikuwa limeshapakiwa. Mama alivaa viatu vyake vya safari. Nikamwendea, nikamwamkia, nikaweka macho kwenye taa ya mbele.

"Mama, ugonjwa nimeupata."

"Uko wapi?"

"Gari halina ugonjwa. Lina heshima iliyozidi. Likihisi breki imeguswa, hata kwa unyayo uliopumzika tu, linadhani mwenyewe anataka kusimama. Linasita lisije likamvunjia adabu."

Cherehani ndani ilisimama.

"Umetazama miguu yangu?"

"Hapana, mama. Nimetazama taa za nyuma."

Akaenda mwenyewe nyuma ya gari. Akazikagua zile taa kana kwamba ndizo zilizomchongea. Akarudi taratibu, na nilipoinua macho nilikuta mdomo wake unapigana na kicheko, na kicheko kinashinda.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Changu kilikuwa chini kabisa ya gauni."

Akaniuliza sasa mguu wa kushoto aupeleke wapi. Nikamweleza kwamba uwekwe sakafuni, utulie, na wa kulia ufanye kazi zote mbili, mafuta na breki. Nikapendekeza tuzunguke uani kwanza, polepole, mpaka mguu uzoee. Akaniambia alikuwa akiendesha gari hilo wakati mimi sijui kufunga kamba za viatu. Akamwita binti yake garini, wakanong'onezana mlango ukiwa wazi, binti akainama, akainuka anacheka. Mimi nilikuwa natazama taa ya mbele.

"Panda, fundi, tusichelewe."

Nikapanda. Macho kwenye kioo.

Mama akakanyaga mafuta, na gari likaondoka kama lililoitwa jina lake. Robota likagonga mlango wa nyuma. Tulipita lango, tukapita duka la vyuma, tukampita yule mwenye baiskeli, leo hana godoro, na mama akampungia mkono kwa adabu kubwa. Barabara ilikuwa tupu na kilima kikaanza. Nilisikiliza injini ikipanda sauti bila kusita, bila kukohoa, mlango wa hewa ukifunguka kila ulipoombwa. Sijui muziki mwingine unaonipendeza hivyo.

Mama alikuwa anaimba. Nusu ya kilima akaniambia kwamba miaka yote alidhani gari hili ni zito, kumbe alikuwa amelishika shati. Akasema Nyundo ana maneno mengi. Akasema fundi anayepima kabla ya kukata angemfaa hata kwenye nguo. Niliogopa kujibu nisije nikaharibu.

Tukafika kileleni. Ng'ambo ya pili barabara ikafunguka chini yetu, imenyooka, inashuka hadi kwenye gereji ya Nyundo, ambako mnyororo wa kunyanyulia injini ulikuwa umeshaning'inizwa tayari.

"Mkwe," akasema mama.

Neno lenyewe lilikuwa hilo. Limesemwa na mtu anayeshika usukani kwa mikono miwili, akiwa na tabasamu usoni.

"Naam, mama."

"Gari limepanda. Yale mengine nimekubali. Sasa nikumbushe, breki nakanyaga na nini?"

"Na mguu wa kulia, mama."

"Huo ni wa mafuta."

"Inua kwenye mafuta, weka kwenye breki."

"Wa breki ni wa kushoto," akasema, bado kwa upole, "na wa kushoto binti yangu amenifunga. Nilimwambia akaze, maana naujua, haukai bure."

Kwa mara ya kwanza tangu nimpose binti yake, nikatazama miguu ya mama mkwe. Wa kushoto ulikuwa umefungwa kwenye mguu wa kiti kwa utepe mpya wa mapazia, fundo la mshonaji, lile lisilofunguka bila mkasi.

Tulikuwa tumeanza kushuka. Chini kule Nyundo alikuwa ametoka gerejini, amesimama katikati ya barabara, ametandaza mikono kama anayepokea mgeni aliyekubali kushindwa. Breki ya mkono ilikuwa upande wa mlango wa mama, ng'ambo ya magoti yake yote mawili.

"Wa kulia, mama," nikasema. "Polepole tu. Tafuta breki."

Akaitafuta. Mguu ukainuka, ukayumba hewani, ukashuka palepale ulipozoea, juu ya mafuta.

Gari halikufikiri.